BARABARA YA KUZUNGUKA MJI: KWANZA TUONYESHWE HESABU

(Maneno haya yalisemwa Kasha, mbele ya wakaaji wa huku na wa Bagira, pamoja na wafanyakazi wa migodi waliokuja kuona jamaa zao. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya barabara. Mvua inapokata njia, kamyo zikalala mstari mmoja na pikipiki zikatafuta mahali pa kupenya, hakosi mtu wa kusema: "Dawa ni moja tu. Ifanywe barabara ya kuzunguka mji. Ipite huku juu kwa Kasha, kamyo zisiingie tena mjini." Wanaosikia hupiga makofi. Hata mimi nimepata kupiga makofi. Leo naomba tuulize kwanza, makofi yangoje.

Sikuja kuwaambia kwamba mashini zinafika kesho. Nimekuja kusema kwamba siku neno hili litakapoletwa kwenu likiwa limeandikwa, lina ramani na mhuri, hamtapata nafasi ya kujifunza namna ya kuuliza. Afadhali mjifunze leo. Kuuliza si ujinga, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena nisieleweke vibaya. Sipingi barabara. Mama anayebeba mzigo mgongoni toka shambani mpaka sokoni anajua faida ya barabara kuliko mtu yeyote aliye ofisini. Ninachopinga ni barabara isiyokuwa na hesabu, na mashauri yanayofanywa wakati mambo yamekwisha kukatwa.

SWALI LA KWANZA: KAMYO NGAPI?

Barabara ya kuzunguka mji inasaidia motokari ya namna moja tu, nayo ni ile isiyokuwa na kazi mjini. Barabara ya Taifa nambari 2 inatoka Goma, inapita Kalehe na Kavumu, inaingia Bukavu, halafu inatoka tena kwenda Mwenga na Kamituga. Nambari 5 inateremka kwenda Uvira. Basi kamyo itokayo Kalehe na kwenda Uvira bila kushusha hata gunia moja Bukavu, hiyo ingezunguka nje, nasi tungepumua.

Lakini kamyo inayoleta maharage na mihogo soko la Kadutu? Ile inayoshusha sementi kwenye maduka? Ile inayopeleka mizigo kwenye meli ziwani? Hizo zitaingia mjini hata mkijenga barabara tatu za kuzunguka, kwa sababu mji ndio mwisho wa safari yao.

Kwa hiyo jambo lote linasimama juu ya hesabu moja: katika kila kamyo mia zinazoingia mjini, ni ngapi zinazopita tu? Kama ni 60, barabara ina maana. Kama ni 10, basi tutavunja nyumba za watu, tutakata mashamba, na msongamano utabaki pale pale ulipokuwa.

Hesabu hii si uchawi wa mainjinia. Watu wawili, mmoja anasimama upande wa Kavumu, mwingine upande wa kutokea Uvira, kila mmoja ana daftari na saa. Wanaandika nambari za motokari na saa ya kupita. Jioni wanalinganisha madaftari. Nambari iliyoonekana huku saa 3 na kule saa 5 ilikuwa inapita. Iliyoonekana huku leo na kule kesho kutwa, ilikuwa na kazi mjini. Ifanyeni siku 7 mfululizo, siku ya soko na siku ya Jumapili. Ifanyeni wakati wa kiangazi, kisha irudieni wakati wa mvua. Vijana waliosoma wako hapa. Daftari si ghali.

Mkubwa akija na barabara yake, mwulizeni: "Bwana, ulihesabu siku gani, mahali gani, na daftari liko wapi?" Akisema kila mtu anajua kwamba kamyo ni nyingi, mjue hakuhesabu.

SWALI LA PILI: UDONGO UNASEMAJE?

Sisi watu wa Bukavu hatuhitaji kufundishwa kwamba ardhi inatembea. Nendeni Funu, katika Kadutu, mwone kuta zilizopasuka. Wataalamu wa Kongo na wa Ubeleji waliichunguza Funu kwa kulinganisha picha zilizopigwa kutoka angani tangu siku za Wabeleji mpaka miaka yetu hii, na mwaka 2022 matokeo yalitolewa katika gazeti la sayansi la Nature Geoscience. Waliyoyaona ni haya: mlima ule ulikuwa ukiteleza polepole tangu zamani, lakini mji ulipoupanda, sehemu yake iliongeza mwendo. Sababu ni maji. Mabati, njia na mifereji hubadilisha mapito ya maji. Maji yaliyokuwa yakitawanyika hukusanywa mahali pamoja, huingia chini, na udongo mzito ulio juu hupoteza nguvu ya kushikana.

Sasa fikirini barabara kubwa inayokatwa ubavuni mwa mlima. Kuna mambo matatu. Inaondoa udongo uliokuwa ukishikilia ule wa juu. Inamwaga udongo huo upande wa chini, juu ya mashamba au juu ya nyumba. Na inakusanya maji ya mlima mzima katika mfereji mmoja, halafu inayaachilia mahali fulani. Mahali hapo ni wapi? Ni kwa nani? Mstari wa barabara kwenye ramani ni mwembamba kama uzi, lakini mstari wa maji yake ni mrefu, na ramani ya mkutano huwa haiuonyeshi.

Tena tusisahau tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lililobomoa nyumba na kuua watu. Barabara ya mlimani katika nchi ya namna hii inataka udongo utobolewe na upimwe chini sana, maji yafuatwe mwaka mzima, mvua na jua. Mtu aliyetembea siku mbili mwezi wa Julai, wakati vumbi linaruka, hawezi kutuambia chemchemi zinatokea wapi mwezi wa Aprili. Mama anayeteka maji hapo anajua. Je, mama huyo aliulizwa?

TUJIFUNZE KWA JIRANI

Tusidhani sisi ndio wa kwanza. Kampala walijenga barabara ya kuzunguka upande wa kaskazini, toka Bweyogerere mpaka Busega, kilometa 21. Fedha nyingi zilitoka Umoja wa Ulaya. Kazi ilianza mwaka 2004, barabara ikafunguliwa mwaka 2009 baada ya kuchelewa sana. Sehemu kubwa yake ilipewa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mji ukaikimbilia. Mwaka 2014 ikabidi kazi ya kuipanua ianzishwe, na kazi hiyo nayo ikacheleweshwa na mambo ya fidia za ardhi. Tena barabara ilipita katika kinamasi cha Lubigi, nao watu wa Bwaise, ambao wamezoea mafuriko tangu zamani, wakalalamika kwamba maji yamezidi.

Sisemi Kampala walikosea kujenga. Nasema kwamba aliyekadiria motokari alikadiria kidogo, na maji ya kinamasi yaliendelea kudai njia yake barabara ilipokwisha kujengwa. Makosa hayo ni ya hesabu. Hesabu hurekebishwa kwa kalamu siku moja, lakini ikishamwagwa lami hurekebishwa kwa miaka.

Na iko habari nyingine ya kutia moyo. Tanzania ilitaka kupitisha barabara kubwa upande wa kaskazini wa mbuga ya Serengeti. Shirika moja la kutetea wanyama likapeleka shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama ikasema kwamba kujenga barabara ya lami pale kungekuwa kinyume cha mkataba wa Jumuiya. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Basi mlango wa Arusha uko wazi hata kwa mtu wa Kasha. Lakini sikieni vizuri: mkataba unampa mlalamikaji miezi 2 tu tangu jambo lilipofanyika au alipolijua. Anayengoja atakuta mlango umefungwa.

SWALI LA TATU: NANI ANAHESABIWA KUWA MWENYE SHAMBA?

Hapa ndipo penye uchungu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, na hanyang'anywi ila kwa faida ya watu wote, tena baada ya kulipwa fidia ya haki, na fidia itangulie. Iko pia sheria ya tarehe 22 Februari 1977 juu ya kunyang'anya mali kwa faida ya umma. Maneno ni mazuri. Lakini yanamlinda nani?

Ninyi mnajua namna ardhi inavyoshikwa katika Bushi. Huyu ana karatasi ya serikali. Yule alipata shamba lake kwa kalinzi, akatoa ng'ombe zamani za babu yake, na mashahidi wamekufa. Mwingine, na mara nyingi ni mama, analima kwa bwasa: anapewa sehemu kwa msimu, analipa kwa kazi au kwa mavuno, na hana karatasi wala ng'ombe. Siku wapimaji watakapokuja, watamwandika nani? Ikiwa watamwandika mwenye karatasi peke yake, fidia itaingia mfuko mmoja na mama mwenye maharage ardhini ataambiwa "wewe si mwenyeji". Kumbe ndiye aliyekuwa akiwalisha watoto kwa shamba hilo!

Kwa hiyo orodha ya watu lazima ifanywe waziwazi, ibandikwe mahali pa watu wote, isomwe kwa sauti kwa Mashi na kwa Kiswahili, na mtu apewe siku za kusema "nimesahauliwa". Iandike mwenye kalinzi, mwenye bwasa, mpangaji wa nyumba, na mama mwenye kibanda cha ndizi kando ya njia. Na bei ijulikane kabla mashini haijawashwa.

KUSHAURIWA MAANA YAKE NINI?

Wako watu wanaofikiri kwamba kushauri raia ni kuwaita katika uwanja, kuwapa soda, kuwasomea hotuba, na kuwapitishia karatasi ya kutia majina. Kesho yake karatasi ile inaitwa "idhini ya wakaaji". Ndugu zangu, jina lililoandikwa ili kupata soda si idhini.

Sheria ya Kongo ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira inataka zaidi ya hayo. Kifungu cha 21 kinasema kazi yoyote inayoweza kudhuru mazingira, barabara ikiwamo, lazima itanguliwe na uchunguzi wa madhara yake kwa nchi na kwa watu. Kifungu cha 24 kinataka watu waulizwe kwanza, kwa makusudi matatu: wajulishwe jambo lenyewe, zikusanywe habari za haki walizo nazo mahali hapo, na yapokewe maoni yao, pamoja na mapendekezo yao ya kupinga au ya namna nyingine. Shikeni neno hilo la mwisho. Sheria inawapa haki ya kusema: "Si huku, piteni kule," au "Msijenge mpya, tengenezeni kwanza ya zamani." Mkubwa anayekuja na njia moja tu kwenye ramani yake hakuja kushauri. Amekuja kutangaza.

Sisi wa Kivu tunajua mwisho wa mstari uliochorwa bila kuuliza watu. Tazameni Kahuzi-Biega. Mbuga ilianzishwa mwaka 1970. Mwaka 1975 ikapanuliwa mara kumi, toka hektari 60,000 mpaka 600,000, na vijiji vya watu vikajikuta ndani ya mpaka. Wabatwa walifukuzwa katika msitu wao. Watu waliendelea kuteta, na damu imemwagika. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki za Wabatwa zilivunjwa. Hesabuni: karibu miaka 50 toka kufukuzwa mpaka kusikilizwa! Kuwauliza kwanza kungechukua muda gani? Hata kama ni miaka miwili, ingekuwa njia fupi.

NANI ANALIPA?

Ninyi wachimbaji mwaweza kusema: "Habari ya mashamba ya Kasha inatuhusu nini?" Inawahusu, kwa sababu barabara nyingi za Kongo zinalipwa kwa mawe mnayotoa ardhini. Juni 2024 Kinshasa ilianzisha kazi ya barabara zake za kuzunguka mji. Fedha zake zinatoka katika mapatano ya Sicomines, yaliyofanywa na kampuni za Wachina mwaka 2008 na kurekebishwa mwaka 2024. Kwa mapatano mapya, dola milioni 324 kila mwaka zinawekwa kwa ajili ya barabara, ikiwa bei ya shaba haiteremki chini ya dola 8,000 kwa tani. Maana yake, shaba na kobalti ya Kolwezi inageuka kuwa lami ya Kinshasa. Bei ikianguka, lami inasimama.

Nasi tusiochimba tunalipa. Katika kila lita ya mafuta iko sehemu ya FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Ukipanda pikipiki toka Bagira kwenda mjini, umekwisha kulipia barabara. Tena Sheria ya Migodi ya mwaka 2018 inagawa ada ya madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au usultani ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Basi mwenye kulipa ana haki ya kuuliza fedha hizo zingefanya nini kingine. Kwa bei ya kilometa moja ya barabara mpya mlimani, ni kilometa ngapi za barabara ya zamani zingetengenezwa mifereji na madaraja? Ni kwa kulinganisha namna hii tu tutajua kama barabara mpya ni dawa au ni fahari.

WATAKAVYOTUJIBU

Watasema: "Ninyi mnapinga maendeleo." Wajibuni: sisi tunataka maendeleo yatakayokuwa bado yamesimama baada ya mvua tatu.

Watasema: "Mambo haya ni ya wataalamu." Wajibuni: mtaalamu tunamheshimu, na mtaalamu wa kweli haogopi kuonyesha daftari lake. Mwenye kulificha ndiye tunayemshuku.

Watasema: "Hakuna wakati, fedha zitarudi zilikotoka." Hilo ndilo neno la hatari kuliko yote, kwa maana linawafanya maskini kuwa na haraka kwa faida ya mtu mwingine. Fedha zinazokimbia kuulizwa, acheni zikimbie.

Na wengine watasema: "Lakini ofisi zinabadilika, leo mkubwa ni huyu, kesho ni yule, tumwulize nani?" Ndugu, awe nani anayeketi kwenye kiti, swali ni lile lile. Baba zetu walichimba barabara za Kivu kwa mikono, kwa amri, na hawakuulizwa. Kama sisi nasi tutanyamaza, uhuru wetu utakuwa umebadilisha rangi ya mwenye kuamuru tu.

TUFANYE NINI SASA?

Naomba mambo manne, wala hayahitaji fedha nyingi.

Moja: vijana wahesabu motokari kama nilivyoeleza, na daftari litunzwe na watu watatu wasio wa nyumba moja.

Mbili: akina mama na wazee wa kila mtaa waonyeshe chemchemi, nyufa za ardhi, na mahali palipoteleza, na mwalimu mmoja aziandike kwenye karatasi moja kubwa.

Tatu: kila mwenye shamba, awe wa karatasi, wa kalinzi au wa bwasa, aandikishe kwa mashahidi wawili mahali anapolima na tangu lini. Msingoje wapimaji.

Nne: siku karatasi ya barabara itakapofika, asitie mtu jina lake kabla haijasomwa yote kwa lugha anayoisikia, na kabla hatujaonyeshwa njia nyingine walizozipima na sababu za kuziacha.

Inawezekana, tukishahesabu, tutaona kwamba barabara ni ya lazima. Vema. Tutasema "jengeni", nasi tutajua tunampa nani shamba letu, kwa bei gani, na kwa faida ya nani. Inawezekana tutaona si ya lazima. Hapo pia tutakuwa na daftari mkononi, si kelele mdomoni.

Akina mama mliotoka shambani jioni hii mkiwa bado na jembe, nawashukuru kwa kusikiliza. Jembe hilo ndilo linaloulizwa swali. Tusikubali lijibiwe na mtu asiyelijua shamba.

Umoja na haki!